Kujifunza historia kwa vitu vya kuchezea: maana yake ni nini?

Mwambie mtoto wa PP2, darasa la pili la chekechea, kwamba Kenya ilipata uhuru mwaka wa 1963, na utakuwa umempa nambari tu. Bado anachanganya jana na juzi. Lakini mpe gari la waya, umwambie baba yake alisukuma la aina hiyo alipokuwa na umri kama wake, na maswali yataanza. Hiyo ndiyo maana ya kujifunza historia kwa vitu vya kuchezea: mtoto anashika kitu cha zamani na cha sasa, anavilinganisha, kisha anaeleza kilichobadilika na kilichobaki vilevile.

Kazi yenyewe iko kwenye maswali. Kimetengenezwa na nini? Nani alikitengeneza? Vifaa alivitoa wapi? Gari la waya linajibu mengi. Magurudumu yake huenda yamekatwa kutoka malapa yaliyochakaa, au ni vifuniko vya mkebe wa mafuta ya kupikia. Usukani uko juu ya waya mrefu ili mwenye gari aliendeshe akiwa amesimama, akilikimbiza kwa nyuma. Aliyeliunda alijua ekseli ya mbele lazima igeuke. Mtoto akiligeuza mkononi, ataona kwamba mchezaji na fundi walikuwa mtu mmoja.

Mpira wa kufungwa kwa kamba nao ni ushahidi mzuri sana. Ufungue polepole mbele ya darasa. Ukikuta matambara na majani makavu ya mgomba, unasimulia maisha ya namna moja. Ukikuta mifuko ya plastiki ya dukani, unasimulia mengine, na hata unadokeza wakati wake, kwa sababu Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo ya kubebea bidhaa mwezi Agosti 2017.

Hapa pana kosa linalonisikitisha: kuwafanya watoto waamini kwamba cha zamani ni cha maskini na kipya ni cha tajiri. Gari la waya lililoundwa wiki iliyopita Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, ni jipya, sawa na gari la rimoti lililonunuliwa wiki hiyohiyo Kilimani, mtaa wa wenye uwezo jijini humo. Umri wa kitu unatokana na wakati kilipotengenezwa. Mwalimu asipolitenganisha hilo mapema, kuna mtoto atakayeona aibu kwa kuambiwa kwamba mchezo wake wa kila jioni ni wa kale.

Tena si kila kitu hubadilika. Tofali la plastiki la kuchezea la Lego la mwaka wa 1958 bado linashikana na la leo. Bano, yaani gololi, zinachezwa bado kwenye vumbi la mitaani, ingawa siku hizi simu inazinyang'anya wachezaji.

Baada ya vitu, waite wazee. Mwalimu anaweza kumwalika nyanya aliyekulia kijijini Murang'a na mwingine aliyekulia Pumwani, mtaa wa Nairobi, awaombe waeleze walichezea nini. Mmoja huenda akakumbuka mwanasesere wa gunzi la mahindi, mwingine bano za kununua dukani. Watoto watataka kujua nani anasema kweli, na ni vyema wasijibiwe haraka. Wawaulize wazee wenyewe: dukani mlifikaje, pesa mlipewa na nani, shambani kulikuwa na nini cha kuokota?