Anyongwe hadi kufa: neno "lazima" linavyomfunga jaji mikono

Jaji akishamtia mshtakiwa hatiani kwa mauaji, humgeukia wakili wa utetezi na kumuuliza kama ana lolote la kusema kabla ya adhabu. Wakili husimama. Hutaja watoto wanne, mama mzazi anayeuguzwa kijijini, miaka mingi mahabusu bila dhamana, mtu ambaye hajawahi kutiwa hatiani hata kwa kuiba kuku. Jaji huyaandika yote. Kisha husoma adhabu ambayo angeisoma hata kama wakili angebaki amekaa: kunyongwa hadi kufa.

Nimekuwa ndani ya chumba hicho zaidi ya mara moja, na kinachonikaa kichwani ni kalamu ya jaji, ikiandika maneno ambayo hayana pa kwenda.

Sheria ya Tanzania Bara haimpi jaji njia nyingine. Kifungu ambacho sisi mawakili tumekizoea kama 197 cha Kanuni ya Adhabu kinasema aliyetiwa hatiani kwa mauaji atahukumiwa kifo. Wanaosalimika ni aliyekuwa hajatimiza miaka 18 na mwanamke mjamzito. Wengine wote, adhabu ni moja.

Tunapokwenda mitaani kutoa elimu ya sheria, swali la kwanza huwa: "Ninyi mnataka wauaji wanyongwe au wasinyongwe?" Watu hujigawa papo hapo, kama Simba na Yanga. Mimi huomba kwanza tuzungumze habari ya hiyo "lazima", kwa sababu hata anayeamini kabisa kwamba wapo wanaostahili kitanzi ana sababu ya kuhangaika nayo.

Chukua mfano. Watu watatu wanavamia duka usiku. Mmoja ana panga, wa pili anakomba fedha, wa tatu ni kijana wa bodaboda aliyebaki nje, pikipiki ikiunguruma. Mwenye duka anakatwa, anakufa. Kama uvamizi ule ulikuwa wa aina ambayo kifo kingeweza kutokea, sheria ya nia ya pamoja inaweza kuwatia hatiani wote watatu kwa mauaji. Sasa weka kando yao mwanamke aliyepigwa na mumewe miaka kumi, usiku mmoja akachukua mchi mume akiwa usingizini. Na kando yake weka mtu aliyelipwa kuua mtoto. Mwenye macho anaona watu tofauti, lakini siku ya adhabu sheria inawasomea sentensi ile ile.

Mtu akipatikana na kosa la kuua bila kukusudia, mambo hugeuka kabisa. Hapo jaji ana uwanja mpana, kuanzia kumwachia kwa masharti hadi kifungo cha maisha. Kwa hiyo kesi nzima huja kuning'inia kwenye neno moja, kukusudia. Alimpiga mara ngapi? Kwa kitu gani? Kichwani au mguuni? Alisema nini kabla, alikimbia au alimpeleka hospitali? Ndugu wa mshtakiwa mara nyingi hawaelewi kwa nini wakili anapoteza nusu siku akimhoji daktari juu ya ukubwa wa jeraha. Jibu la swali hilo linaweza kumrudisha mtu nyumbani baada ya miaka michache, au kumpeleka kwenye orodha ya wanaongoja kunyongwa.

Wanaongoja nini hasa? Wanangoja saini. Jaji akishahukumu, rufaa ikakamilika, jalada huenda kwa Rais, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya kuidhinisha mtu anyongwe, kumpunguzia au kumsamehe. Kunyonga kwa mwisho nchini kulikuwa mwaka 1994, wakati wa Rais Mwinyi. Baada ya hapo hakuna aliyetia saini. Hayati Magufuli alilisema wazi mwaka 2017 siku ya kumwapisha Jaji Mkuu: yeye hatasaini. Ndiyo maana nasema tuna adhabu ambayo majaji wanalazimishwa kuitoa na marais hawataki kuitekeleza, na katikati kuna watu wanaoamka kila asubuhi bila kujua kama ni leo. Wakubwa wa nchi wanaikwepa, mahakama inaendelea kuihesabu.

Mwaka huo huo wa 1994, Jaji Mwalusanya, akiwa Mahakama Kuu Dodoma, alitamka kwamba adhabu ya kifo inakwenda kinyume na Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi wake katika shauri tunalolijua kama la Mbushuu. Watu husahau kwamba hata Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa adhabu hii ni ya kikatili na ya kudhalilisha. Ilichosema ni kwamba ibara ya 30 ya Katiba inairuhusu kwa maslahi ya umma, na kwamba kuamua kama bado inahitajika ni kazi ya jamii yenyewe. Mpira ukarudishwa kwetu.

Majirani wameusogeza. Uganda, Mahakama ya Juu ilikubali mwaka 2009 kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo ni kinyume cha Katiba. Kenya ikafika hapo hapo Desemba 2017 katika shauri la Muruatetu. Kote kuwili kifo kilibaki kwenye vitabu, ila jaji alirudishiwa kazi yake ya kupima. Rwanda, ambayo ingeweza kudai kuwa ina sababu kuliko nchi yoyote, iliifuta kabisa mwaka 2007, Burundi ikafuata 2009. Na hapa kwetu Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua Novemba 2019, katika shauri dhidi ya Tanzania, kwamba "lazima" hii inavunja haki ya kuishi, na kuipa serikali mwaka mmoja kuiondoa.

Kuna wanaosema kuipinga adhabu hii ni mambo ya Wazungu. Waende Kilwa Kivinje wakaulizie Mwembe Kinyonga, mahali Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Au wafike Songea tarehe 27 Februari, siku wanapokumbukwa mashujaa wa Majimaji walionyongwa 1906. Kanuni ya Adhabu yenyewe tuliirithi kwa Waingereza, ambao kwao waliacha kunyonga wauaji tangu 1965.

Hata hivyo sitaki kuwadharau wanaoitetea. Wakati wenzetu wenye ualbino walipokuwa wakiwindwa Kanda ya Ziwa, Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu mwezi Septemba 2009 kwa kumuua mtoto mwenye ualbino. Nakumbuka nafuu waliyoipata watu, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia mzazi yeyote kwamba hasira yake si halali. Hoja yangu ni ndogo kuliko hiyo. Wanaosema kitanzi kinatisha wauaji hawajathibitisha. Marekani, ambako suala hili limechunguzwa kwa miongo, Baraza la Taifa la Utafiti lilisema mwaka 2012 kwamba tafiti zilizopo hazifai kutumiwa kusema inazuia wala haizuii. Mwuaji anayeamini hatakamatwa haulizi adhabu ni ipi.

Halafu kuna kibatari. Mauaji mengi hutokea usiku, na shahidi husema alimtambua mtu. Tangu shauri la 1980 la mtu aliyeitwa Waziri Amani, mahakama zetu huuliza: mwanga ulitoka wapi, ulikuwa mkali kiasi gani, mlikuwa mbali hatua ngapi, ulimwona kwa muda gani, ulimfahamu kabla? Mahakama ya Rufani imewaachia watu waliohukumiwa kunyongwa kwa sababu majibu hayo hayakutosha. Kila ninaposoma hukumu ya namna hiyo nasikia baridi, maana hoja iliyomwokoa mtu huenda ni utambi wa taa.

Katika kikao kimoja mzee mmoja wa makamo ya babu yangu, kofia mkononi, aliniuliza: "Mwanangu, mwanangu mimi aliuawa. Mbona hakuna aliyeniuliza nataka nini?" Ustadhi aliyekuwa kando yake akamkumbusha aya ya 178 ya sura ya al-Baqara, kwamba katika kisasi walii wa damu, yaani ndugu wa aliyeuawa mwenye haki ya kudai, ana hiari ya kusamehe na kupokea fidia. Mzee akatikisa kichwa: anaijua. Nikamjibu kwamba katika mahakama zetu kesi ni ya Jamhuri, na ikishathibitika kuwa ni mauaji, hata jaji haulizwi anataka nini.

"Basi," akasema, "hata yeye ni kama mimi."