Jiwe la Mlangoni na Vita vya Mfalme Yusuf

Ukifika Ngome ya Yesu, ile ngome ya Wareno mjini Mombasa, usikimbilie mizinga. Simama kwanza langoni, uinue macho. Pale juu pana jiwe lenye maandishi ya Kireno ambalo mimi, kwa kazi yangu ya historia, nimelisoma mara nyingi, na bado linanichoma. Francisco de Seixas de Cabreira anajisifu humo: alipewa ukapteni wa ngome mwaka 1635 akiwa na miaka 27, akabomoa kuta za miji ya Pate na Siyu, akawaua wakubwa wa Pemba, akawatoza watu wa pwani kodi waliyokuwa wameacha kulipa. Mfalme aliyeongoza uasi anamwita dhalimu.

Huyo ni Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa. Wengi husema chanzo cha vita vyake ni dini, maana Wareno walimbatiza wakamwita Dom Jerónimo. Mimi huanzia 1614. Mwaka huo baba yake, Sultani Hasan, alikorofishana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara. Wareno walitoa rushwa auawe, kichwa chake kikapelekwa Goa, makao yao makuu kule India. Na mtoto akapelekwa Goa hukohuko, alelewe na mapadri. Hebu fikiria: unasomeshwa katika mji uliopokea kichwa cha babako!

Alirudi kutawala 1626. Akawa anazuru kaburi la babake na kumwombea dua ya Kiislamu, mpaka habari zikamfikia kapteni. Yusuf akamwahi. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa. Wareno wa mjini nao waliuawa, wanawake na watoto wakiwamo, hilo silifichi.

Mwanzoni mwa 1632 zikaja merikebu kutoka Goa kuikomboa ngome, zikashindwa. Wasimuliaji wengi huishia hapo kwa shangwe. Kwangu mimi, vita viligeuka Mei, pale mshindi alipobomoa alichoweza, akapanda merikebu aliyoiteka, akaondoka. Agosti Wareno walirudi bila kupigana. Kisiwa hulindwa baharini, na Yusuf alikuwa na kuta na mizinga, lakini hakuwa na dola yenye merikebu nyuma yake. Watu wa Mvita, yaani Mombasa, walikuja kuipata dola hiyo Oman. Ngome ikazingirwa na Waomani tangu Machi 1696, njaa na maradhi yakawamaliza waliokuwa ndani, ikaanguka Desemba 1698. Yusuf alikuwa amekwisha kufa Jeddah, miaka 60 kabla.