Bakteria wa dumu hawasafishi maji ya dampo

Kila masika yakikaribia napigiwa simu ile ile: "Injinia, kuna dawa ya bakteria inauzwa, tukiimwaga kwenye bwawa la maji ya dampo si tumemaliza?" Hapana. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, sasa naliandika.

Maji yanayochuruzika kutoka kwenye taka yana bakteria tele tayari. Wanachokosa ni mazingira ya kufanyia kazi, na la kwanza ni hewa. Tatizo sugu la maji ya dampo la zamani ni amonia. Kugeuza kilo 1 ya nitrojeni ya amonia kuwa naitreti kunahitaji takriban kilo 4.57 za oksijeni, na bwawa lililotulia halikupi kiasi hicho hata ulimwagie madumu mia. Kazi hiyo hiyo inakula alkaliniti (uwezo wa maji kumeza asidi), gramu 7.14 ikipimwa kama kalsiamu kaboneti, kwa kila gramu ya nitrojeni. Alkaliniti ikiisha, pH inaporomoka, yaani maji yanakuwa na asidi, na bakteria wanagoma. Fosforasi, ambayo bakteria huihitaji ili wakue, nayo mara nyingi huwa haba.

Halafu soma lebo. Dawa nyingi za aina hii ni spora (bakteria waliolala ndani ya ganda gumu) za jamii ya Bacillus, kwa sababu hao huvumilia kukaushwa. Bakteria wanaogeuza amonia hawatengenezi spora kabisa. Isitoshe, hukua taratibu: bakteria wanaokula uchafu wa kawaida huongezeka maradufu kwa dakika au saa chache, hawa huchukua kutwa nzima au zaidi. Ukitaka mbegu ya kuanzia, chukua tope hai kwenye mtambo wa majitaka unaofanya kazi, ulipe hewa, kisha subiri wiki kadhaa bila kulichokoza. Hela ya dawa nunulia mashine ya kupuliza hewa, kipima oksijeni na vifaa vya kupimia alkaliniti. Nasisitiza alkaliniti, kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Joto la Dar linawafaa sana bakteria hawa, ila pH ikipanda, joto hilo hilo huzidisha amonia huru, ile iliyo katika hali ya gesi, nayo huwadhuru.

Wengine husema mvua za masika hupunguza makali. Mvua huongeza maji tu. Kilo za uchafu ziko pale pale, na mtiririko mkubwa huwasomba bakteria wako hadi nje ya bwawa. Jenga bwawa la akiba kabla ya Machi.

"Dampo likifungwa, maji yanakwisha." Kufunga dampo, kama yalivyofungwa ya Tabata na Mtoni, huzuia taka mpya. Mvua ikipenya kwenye taka zilizozikwa, amonia huendelea kutoka kwa miongo. Kinachobadilika ni chakula cha bakteria: kwa dampo changa, BOD (uchafu ambao bakteria wanaweza kuula) huweza kupita nusu ya COD (uchafu wote unaoweza kuoksidishwa kwa kemikali), kwa dampo kongwe uwiano huo hushuka chini ya 0.1. Kinachobaki ni asidi za humiki (mabaki ya taka zilizooza), ambazo bakteria huzimudu kwa shida, na ndizo zinazoacha rangi ya kahawia. Kwa hiyo usiuhukumu mtambo kwa rangi, pima amonia.

Matete ya kusafisha maji? Yapande, lakini mwisho wa mtambo. Kazi kubwa hufanywa na bakteria wa kwenye mizizi, na amonia kali huyaunguza matete yenyewe.

Na metali nzito hailiwi na bakteria yeyote. Sehemu yake hunasa kwenye tope, kwa hiyo tope hilo lisipelekwe kwenye bustani za mchicha za bonde la Msimbazi, hata mkulima akiliomba bure.