Kuwa mtoto wa marehemu hakukupi faili yake ya hospitali

Mimi ni afisa wa rekodi za matibabu hapa Mombasa na nataka niliseme hili wazi, manake watu wanavuka feri kutoka Likoni wakija kwetu na wanarudi mikono mitupu. Uwe mtoto, mke ama kaka mkubwa wa marehemu, undugu peke yake hautoi faili. Najua inauma, umemuuguza mzazi wako, umelala kwenye benchi la wodi, alafu akishafariki mtu wa dirishani anakuuliza una barua gani. Lakini siri ya mgonjwa haizikwi naye. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 11, inataka idhini yake ya maandishi ama amri ya korti ama sheria nyengine inayolazimu itolewe, na marehemu hawezi kusaini tena.

Wengi wanakuja na pawa ofu atoni, ile barua ya kumruhusu mtu atende kwa niaba yake, aliyosaini mzee akiwa hai. Ile ilikufa siku aliyokufa yeye, hata iwe na mihuri mingapi. Pamiti ya mazishi ni ya kuzikia tu, na setifiketi ya kifo inathibitisha amefariki, haisemi nani anasimama badala yake. Anayesimama ni aliyepewa granti, ile karatasi ya korti inayomfanya mtu awe msimamizi wa mirathi. Kuiomba, Waislamu wengi huenda kwa Kadhi, wengine huenda Mahakama Kuu ama kwa hakimu kulingana na thamani ya mali.

Na hapa ndio watu wanapotezewa muda bure. Wanaambiwa wangoje mpaka granti ithibitishwe, ambayo kwa kawaida ni baada ya miezi 6, wakati ule uthibitisho ni wa kugawa mali. Kuomba rekodi hakugawi chochote, granti yenyewe ikishatoka njoo. Na kama unataka faili kwa sababu ya kesi tu, labda ajali ama unashuku uzembe wa matibabu, muulize wakili kuhusu granti ndogo wanayoita ad litem, na aombe korti iandike kabisa kwamba unaruhusiwa kuchukua rekodi za matibabu, mstari mmoja tu huo unamaliza mabishano yote pale dirishani. Usikae sana, kesi ya familia kudai fidia kwa sababu ya kifo ina miaka 3 tangu siku ya kifo.

Mjane akiwa eda, miezi 4 na siku 10, mara nyingi anatumwa shemeji. Anakuja na bahasha, ndani mna kopi ya kitambulisho na ile kadi ya kliniki imekunjwa kwenye karatasi ya nailoni. Shemeji hawezi kupewa faili, ila ile kadi msiitupe jamani, namba iliyoko juu yake ndio inatupatia faili, manake kina Ali Mohamed Pwani hii ni wengi mno. Na mjane akitaka yeye ndio awe msimamizi eda haimzuii, wakili anaweza kumfuata nyumbani akasaini huko huko.

Majibu ya HIV yana sheria yake ya 2006. Mtu akishafariki yanahitaji idhini ya maandishi ya mwenza wake ama ya msimamizi. Nawaomba kwa moyo wote, kama kesi haiyahitaji msiyaombe, nimeona karatasi ya aina hiyo ikisomwa kwenye kikao cha familia mbele ya watoto.

Kwa hivyo barua yako kwa mkuu wa hospitali isiseme "nipeni faili yote". Taja tarehe za kulazwa na unachotaka hasa, diskaji samari (muhtasari wa matibabu ya wodini), majibu ya maabara, maandishi ya tieta kama alipasuliwa, uambatanishe granti, setifiketi ya kifo na kitambulisho chako. Utapewa kopi zenye muhuri. Orijino inabaki kwetu, na korti ikiitaka itatutumia samansi tuipeleke wenyewe.