Vioo walivunjiwa, faini wakatozwa wao

Picha inayojulikana zaidi ya mateso ya Wayahudi wa Ujerumani kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ni ya vioo: madirisha ya maduka yamevunjwa, vipande vimetapakaa barabarani, wapita njia wanatazama. Ni picha ya kweli, ila sisi tunaofundisha historia hii tunaona huwapotosha watu kidogo. Mtu huondoka akidhani biashara hizo ziliangamizwa na wahuni usiku mmoja. Kumbe sehemu kubwa ya kazi ilifanywa mchana, ofisini, na makarani wenye mihuri.

Tarehe 1 Aprili 1933, miezi miwili baada ya Hitler kushika madaraka, wanamgambo wa SA, kikosi cha chama chake cha Nazi, walijipanga milangoni mwa maduka ya Wayahudi na mabango ya kuwakataza Wajerumani kununua humo. Ilikuwa Jumamosi, Wayahudi washika Sabato walikuwa wamefunga hata hivyo, na wateja wengine walipita katikati ya wanamgambo wakaingia. Zoezi hilo la kususia likakoma siku ileile. Kilichofuata hakikuhitaji mabango: halmashauri za miji ziliwanyima zabuni, benki zikawabania mikopo, magazeti yakakataa matangazo yao. Kati ya biashara zipatazo 100,000 za mwaka 1933, zaidi ya nusu zilikuwa zimefungwa au kuuzwa kufikia masika ya 1938.

Aprili 1938 ikatoka amri kwamba kila Myahudi mwenye mali inayozidi Reichsmark (fedha ya Ujerumani ya wakati huo) 5,000 aiandikishe. Mwizi mwenye mpango huanza kwa kuhesabu. Mwenye duka alipolazimika kuuza, mnunuzi alilipia bidhaa na rafu kwa bei ya kutupa. Jina la duka na wateja waliojengwa kwa miaka mingi havikuhesabiwa kuwa na thamani yoyote. Hata hizo fedha kidogo mara nyingi ziliingia kwenye akaunti iliyofungiwa, mwenyewe akiruhusiwa kutoa kiasi cha matumizi ya mwezi tu.

Ndipo ukaja usiku wa 9 kuamkia 10 Novemba 1938. Maduka yapatayo 7,500 yalivunjwa, masinagogi yakachomwa, wanaume wa Kiyahudi wapatao 30,000 wakapelekwa kambi za mateso za Dachau, Buchenwald na Sachsenhausen. Siku mbili baadaye Göring, waziri wa Hitler aliyesimamia mipango ya uchumi, aliitisha kikao, na kumbukumbu zake zinasomeka hadi leo. Hakuhuzunikia watu, alikasirikia mali. Mwakilishi wa kampuni za bima alieleza kwamba vioo vingi vilikuwa mali ya Wajerumani wenye majengo, si ya Wayahudi waliopanga. Vioo vya kuchukua nafasi yao vingeagizwa Ubelgiji, kwa fedha za kigeni, na vingefikia nusu ya kile ambacho viwanda vyote vya vioo vya nchi hiyo hutengeneza kwa mwaka. Duka moja tu la vito la Berlin lilikuwa limedai fidia ya Reichsmark milioni 1.7.

Suluhisho lao? Bima zilipe, ila fedha ziende serikalini. Wayahudi wakarabati uharibifu kwa gharama zao. Juu ya hapo, Wayahudi wote kwa pamoja walipe faini ya Reichsmark bilioni moja. Na kuanzia 1 Januari 1939 wasiendeshe tena duka la rejareja wala karakana.

Basi si wangehama? Aliyehama alitozwa kodi ya kutoroka nchi, asilimia 25 ya mali, na mwaka 1939 aliyebadilisha kilichobaki kuwa fedha za kigeni alipoteza asilimia 96. Ndiyo maana familia za Wayahudi zilizotua Mombasa miaka hiyo, zikaishia kwenye mashamba ya Kenya, zilifika karibu mikono mitupu. Vita vilipoanza, Waingereza wakawazuilia wanaume wao kwa muda kama raia wa nchi adui.

Waliobaki walikutana na karatasi ya mwisho. Kabla ya kupakiwa kwenye treni za kwenda mashariki, ambako wengi waliuawa, kuanzia 1941 walikabidhiwa fomu ya kurasa 16 ya kuorodhesha kila walichonacho: viti, mashuka, vijiko, soksi. Fomu hiyo ilikwenda ofisi ya fedha. Hamburg vitu hivyo vilipigwa mnada wa hadhara, tarehe zikatangazwa magazetini, na wakazi wa mji wakaenda kununua.