Tiketi ya kwenda nyumbani kwa pointi za kadi: jenga krediti kwanza

Wakimbizi wengi wa Kongo waliotoka kambi za Nyarugusu, Nakivale au Kakuma kuja kuishi Marekani waliteremka kwenye ndege wakiwa tayari na deni. Nauli yao ililipwa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, na kabla ya safari walitia saini hati ya kuahidi kuirudisha. Deni hilo halina riba. Malipo huanza kama miezi sita baada ya kufika, kwa kawaida kupitia shirika lililompokea mkimbizi. Wengi huliona kuwa mzigo tu. Katika kazi yangu ya kutoa elimu ya fedha kwa wahamiaji, huwa nawaambia kwamba ile barua ya kila mwezi ya kudai malipo ndiyo mwanzo wa historia yao ya mikopo katika nchi hii, kwa sababu malipo hayo huripotiwa kwa kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo. Aliyelipa kwa wakati amejijengea jina zuri. Aliyeiweka barua pembeni kwa kuwa imeandikwa Kiingereza, au ambaye barua ilimfuata kwenye nyumba aliyokwisha kuhama, ameanza na doa bila kujua.

Nimeanza na deni hilo kwa sababu wengi wanaokuja kuniuliza habari za pointi za ndege, yaani zawadi unazopata kwa kutumia kadi ya mkopo na zinazoweza kulipia tiketi, huanzia mwisho. Wamemwona jamaa amekwenda Dar es Salaam na kurudi kwa pointi, nao wanataka jina la kadi aliyotumia. Kadi za aina hiyo hazitolewi kwa mtu asiye na historia. Ukiomba ukakataliwa, ombi lenyewe linabaki kwenye kumbukumbu zako kwa miaka 2. Kwa hiyo tuzungumze kwanza kuhusu krediti, yaani historia yako ya kukopa na kulipa, kisha pointi.

Kampuni tatu ndizo zinazokusanya habari za madeni ya watu Marekani: Equifax, Experian na TransUnion. Kutokana na habari hizo hupatikana alama inayoonyesha jinsi unavyoaminika kukopeshwa, na inayotumika zaidi ni ya FICO, inayoanzia 300 hadi 850. Alama ya 670 na kuendelea huhesabiwa kuwa nzuri. Kinachoipandisha au kuishusha si siri. Asilimia 35 inatokana na kulipa kwa wakati, asilimia 30 inatokana na kiasi unachodaiwa, na kinachobaki kinagawanywa kati ya umri wa akaunti zako, maombi mapya na aina za mikopo uliyo nayo. Mshahara haumo. Nimekutana na madereva wa malori wanaopata kipato kizuri kabisa ambao hawana alama yoyote, kwa sababu tangu wafike wanalipa kila kitu taslimu au kwa kadi ya debiti. FICO inahitaji uwe na angalau akaunti moja ya mkopo iliyofikisha miezi 6 ndipo ikupe alama.

Linaloumiza ni kwamba uaminifu tuliokuja nao kutoka nyumbani hauonekani. Mama aliyecheza upatu miaka mingi Mwanza bila kukosa mzunguko hata mmoja, baba aliyekuwa mweka hazina wa likelemba, upatu wa Kikongo, huko Bukavu, kijana aliyekopa na kurudisha kwa simu kila mwezi Nairobi, wote hapa wanaanza na karatasi tupu. Njia mbili zimefunguka kidogo. American Express, kampuni ya kadi za mkopo, hushirikiana na kampuni ya Nova Credit kusoma kumbukumbu za mikopo kutoka nchi kadhaa, na Kenya ni mojawapo, kwa hiyo Mkenya aliyekuwa na mikopo ya benki aulize kabla ya kudhani hana kitu. Ya pili ni Mission Asset Fund, shirika la San Francisco, ambalo limeichukua desturi hii ya mzunguko wa kuchangishana na kuirasimisha, kiasi kwamba michango ya kila mwezi inaripotiwa kwa kampuni zile tatu. Natamani vikundi vyetu vya Louisville, Des Moines na Houston viiangalie njia hiyo kwa makini, maana nidhamu tayari tunayo.

Kwa wengine wote, mlango wa kawaida ni kadi ya dhamana. Unaweka fedha zako benki au kwenye chama cha akiba na mikopo, mara nyingi dola 200 au 300, nawe unapewa kadi ya mkopo yenye kikomo kinacholingana na fedha hizo. Fedha hizo zinabaki kuwa dhamana. Utazirudishiwa ukiifunga akaunti ukiwa huna deni, au benki ikikupandisha kwenye kadi ya kawaida. Uliza maswali mawili kabla ya kusaini: je, mnaripoti kwa kampuni zote tatu, na ada ya mwaka ni kiasi gani? Kadi nzuri za dhamana zisizo na ada ya mwaka zipo, hakuna sababu ya kulipia. Wasio na namba ya Hifadhi ya Jamii (Social Security) wajue kwamba baadhi ya benki hupokea namba ya mlipa kodi, yaani ITIN. Vijana walio chini ya miaka 21 wanatakiwa na sheria ya mwaka 2009 waonyeshe kipato chao wenyewe au wawe na mdhamini. Na kadi ya kulipia kabla, ile unayoijaza fedha dukani, haijengi krediti hata kidogo, ingawa inafanana sana na hizi nyingine.

Hapa kwenye kadi ya kwanza ndipo watu wengi wanakosea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kila mwezi kuna tarehe mbili. Ya kwanza ni ya kufungwa kwa stetimenti, yaani taarifa ya mwezi ya kadi, siku ambayo benki inajumlisha matumizi yako, na kwa kawaida kiasi kinachoonekana siku hiyo ndicho kinachoripotiwa. Ya pili ni tarehe ya mwisho ya kulipa, na sheria inataka stetimenti itumwe angalau siku 21 kabla yake. Sasa tuseme kikomo chako ni dola 300 na umenunua chakula cha dola 240. Hata kama utalipa zote kwa wakati, kumbukumbu zitaonyesha umetumia asilimia 80 ya uwezo wako, na alama itashuka. Lipa dola 220 siku chache kabla ya stetimenti kufungwa, zitaripotiwa dola 20 tu, chini ya asilimia 10. Kisha malizia hizo 20 kabla ya tarehe ya mwisho. Wengi husikia ushauri wa kubaki chini ya asilimia 30. Chini ya 10 ni bora zaidi.

Kuna uvumi uliosambaa sana katika jumuiya zetu kwamba lazima uache deni kidogo kwenye kadi ili alama ipande. Si kweli, na uvumi huu umewagharimu watu fedha nyingi. Kinachohitajika ni matumizi kuonekana kwenye stetimenti. Kulipa riba hakuongezi hata alama moja.

Malipo ya kuchelewa huripotiwa yakipita siku 30, na doa hilo hukaa miaka 7. Faini ya benki huanza mapema zaidi. Kwa hiyo siku unayopokea kadi, kaa na mtoto wako au mtu unayemwamini anayeijua programu ya benki kwenye simu, mweke malipo ya moja kwa moja, na mchague salio lote la stetimenti, si kile kiwango cha chini. Ukihama, badilisha anwani benki kabla ya kuhamisha vitanda.

Tufanye hesabu moja sasa, kwa sababu ndiyo inayoamua kama pointi zina faida au hasara kwako. Kadi inayorudisha asilimia 2 inakupa dola 20 kwa kila 1,000 unazotumia. Riba ya kadi nyingi inazidi asilimia 20 kwa mwaka, chukua 24. Hiyo ni asilimia 2 kwa mwezi. Ukiacha dola 1,000 bila kulipa kwa mwezi mmoja tu, dola 20 zako zimekwenda. Mwezi wa pili unaanza kuilipa benki. Anayebeba deni kutoka mwezi hadi mwezi hana habari na pointi. Kazi yake ni kulimaliza deni hilo kwanza, na asione aibu kwa hilo.

Ndugu Waislamu huniuliza kuhusu riba, na swali hilo ni zito, linastahili heshima. Kwa upande wa fedha naweza kusema hivi: anayelipa salio lote kabla ya tarehe ya mwisho hatozwi riba kwa manunuzi yake. Lakini mkataba aliosaini una kifungu cha riba kwa anayechelewa, na wanazuoni wanatofautiana juu ya kusaini mkataba wa namna hiyo. Muulize sheikh unayemwamini, ukiwa umemweleza mkataba ulivyo. Atakayechagua kujiepusha bado anaweza kujenga historia kwa njia nyingine, kwa mfano kumwomba mwenye nyumba aripoti kodi anayolipa kila mwezi.

Jambo jingine ambalo nalisema kila mahali ninapopewa nafasi: usitumie kadi ya mkopo kutuma fedha nyumbani. Mtu anafungua programu ya kutuma fedha kwenda M-Pesa au Airtel, anaweka kadi ya mkopo, akitarajia kupata pointi. Benki nyingi huihesabu shughuli hiyo kuwa ni kuchukua fedha taslimu. Kuna ada yake, riba huanza siku ileile bila siku za kusubiri, na pointi hupati. Tuma kwa akaunti ya benki au kadi ya debiti.

Na watakuja wa kukuuzia namba. Watakwambia alama yako mbaya inafutika ukitumia namba mpya ya tarakimu tisa badala ya ile ya Hifadhi ya Jamii. Kuombea mkopo kwa namba hiyo ni jinai, na kwa mhamiaji athari zake zinaweza kufika mbali kuliko faini. Kampuni ya kurekebisha krediti inayodai malipo kabla ya kufanya kazi inavunja sheria ya mwaka 1996. Kumbukumbu zako mwenyewe unaweza kuziona bure kila wiki kwenye AnnualCreditReport.com, na ukikuta kosa una haki ya kulipinga bila kumlipa mtu.

Ukishafikisha mwaka mmoja wa malipo safi, na alama imepita 670, hapo kadi za usafiri zinaanza kukufaa. Pointi nyingi hutoka kwenye zawadi ya kujiunga. Manunuzi ya kila siku huchangia kidogo. Kadi yenye ada ya dola 95 kwa mwaka inaweza kutoa pointi 60,000 ukitumia dola 4,000 ndani ya miezi 3. Ukikadiria pointi moja kwa senti moja, hizo ni dola 600. Swali la kujiuliza ni kama dola 4,000 hizo ungezitumia hata bila kadi: chakula, mafuta, bima ya gari, simu. Kama sivyo, subiri. Wapo wanaongoja msimu wa harusi, wakalipia ukumbi kwa kadi yao na kukusanya michango ya kamati. Njia hiyo inafanya kazi pale tu michango inapokuwa mkononi kabla ya kadi kutolewa. Ahadi za kwenye kundi la WhatsApp haziilipi benki.

Usiombe kadi nyingi kwa pupa. Inajulikana kwamba benki ya Chase humkatalia mtu aliyefungua kadi tano au zaidi ndani ya miezi 24, na kila ombi linagusa alama yako. Chagua kadi isiyotoza ada kwa malipo ya nje ya nchi. Ada hiyo huwa karibu asilimia 3, maana yake dola 15 kwa hoteli ya dola 500 Zanzibar.

Kwa safari zetu, angalia ndege zinazofika unakokwenda kabla ya kuchagua pointi. Ethiopian Airlines, ambayo imo katika Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, inaruka kutoka Washington hadi Addis Ababa na kuunganisha Dar es Salaam, Nairobi, Entebbe, Kigali na Bujumbura. Tiketi zake zinaweza kukatwa kwa maili, yaani pointi za shirika la ndege lenyewe, za United au za Aeroplan, mpango wa Air Canada. Kenya Airways, inayoruka moja kwa moja kati ya New York na Nairobi tangu Oktoba 2018, na KLM wako SkyTeam, muungano mwingine, kwa hiyo maili za Flying Blue, mpango wa Air France na KLM, au za Delta zinafaa. Pointi za Chase huhamishwa kwenda United, Aeroplan na Flying Blue. Za American Express huenda Aeroplan, Flying Blue na Delta.

Tiketi ya pointi si bure kabisa. Kodi na tozo za uwanja hulipwa kwa dola, na baadhi ya mashirika huongeza ada za ziada, kwa hiyo linganisha jumla yote na bei ya tiketi ya kawaida. Desemba na miezi ya Juni hadi Agosti viti vya pointi huwa haba, na familia ya watu watano mara nyingi haitapata vyote kwenye ndege moja. Hapo kata viwili kwa pointi na vitatu kwa fedha. Kumbuka pia kwamba pointi zikishatoka benki kwenda shirika la ndege hazirudi tena. Tafuta kiti kwanza, hakikisha tarehe na majina kama yalivyo kwenye pasipoti, kisha ndipo uhamishe, na ukate tiketi siku hiyohiyo.