Injini haitaki presha ya nyuma

Nani aliyewaambia watu kwamba injini hutaka presha ya nyuma? Kuanzia magereji ya Malindi mjini mpaka Watamu, ukisema wataka kupanua ekzosi, yaani bomba la moshi, hatakosekana mtu wa kukuonya: "Usiifungue sana, mwanangu, injini yataka presha kidogo ya nyuma, la sivyo nguvu zitapotea." Kwa gari la kawaida ningeliacha neno hilo lipite. Siku hizi lakini huambiwa hata mwenye gari la spoti lenye supachaja, ile mashine ya kuisukumia injini hewa, na hapo hasara yake ni ya fedha taslimu.

Presha ya nyuma ni ukinzani unaoukabili moshi kuanzia kwenye vali hadi kwenye ncha ya ekzosi. Katalisti (kifaa cha kusafisha moshi), kona, silensa na wembamba wa paipu vyote huuongeza. Pistoni inapopanda kuusukuma moshi nje, nguvu ya kuushinda ukinzani huo hutoka kwa injini yenyewe, na ilikuwa iende kwenye magurudumu. Basi, maana yake ndiyo hiyo.

Imani yenyewe ina asili zake, na ya kwanza ni kabureta. Kijana wa bodaboda akikata silensa, pikipiki huanza kusitasita ikiwa mwendo mdogo, naye huapa kwamba ni presha iliyokimbia. Kilichotokea ni kwamba hewa imepata njia, inaingia nyingi zaidi, ilhali jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, ni ileile. Mchanganyiko umekuwa mkavu. Mbadilishie jeti uone kama atalalamika tena.

Asili ya pili ni injini za mipigo miwili, ambazo mafundi wetu wengi wa makamo walijifunzia kazi. Pikipiki za mbio za aina hiyo zina ekzosi yenye tumbo, na lile tumbo hurudisha wimbi linalousukuma mchanganyiko mbichi uliokuwa ukiponyoka urudi ndani ya silinda. Wimbi hilo huja kwa wakati wake, likafanya kazi, likaisha. Ni jambo tofauti kabisa na paipu iliyobanwa mchana kutwa.

Asili ya tatu ndiyo inayoniudhi, kwa sababu imekaribia ukweli. Moshi hautoki mfululizo; hutoka kwa mapigo, na kila pigo likienda kasi huacha mvuto nyuma yake unaosaidia kusafisha silinda inayofuata. Paipu pana mno hupunguza mwendo wa moshi, na injini isiyo na supachaja hulihisi hilo kwenye mizunguko midogo. Mtu akaona paipu nyembamba inasaidia, akaisifu presha, kumbe aliyestahili sifa ni mwendo. Bana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole: maji yataruka mbali, lakini ndoo itachelewa kujaa. Ule mruko na ule ucheleweshaji ni vitu viwili, na cha pili ndicho presha ya nyuma. Kazi ya anayechagua paipu ni kuupata mwendo kwa gharama ndogo kabisa ya ukinzani.

Sasa supachaja. Yenyewe huzungushwa kwa ukanda kutoka kwenye krankshafti, mhimili mkuu wa injini, wakati turbo, mwenzake wa kazi ileile, huzungushwa na moshi, wazo alilolipatia hataza Mswisi Alfred Büchi mwaka 1905. Mashine ya kupuliza hewa ya ndugu Philander na Francis Roots wa Marekani ni ya zamani zaidi, hataza yake ni ya 1860, na supachaja ya Mercedes SLK 230 Kompressor ni ya ukoo huo. Kwa kuwa hewa inaingizwa kwa nguvu, injini haitegemei sana ule mvuto wa mapigo ili ipumue, kwa hiyo hasara ya paipu pana ni ndogo. Hasara ya paipu nyembamba ndiyo hukua: moshi moto hubaki ndani ya silinda, huipasha joto hewa mpya, na injini huanza kugonga, yaani mchanganyiko hujilipua wenyewe ndani ya silinda.

Hapa kuna kichekesho cha geji. Mwenye gari hufungua ekzosi, akatazama geji ya presha ya supachaja, akaona sindano imeshuka kidogo. Hurudi gereji mbio: "Fundi, umeniibia nguvu!" Supachaja ya aina hii husukuma ujazo uleule wa hewa kwa kila mzunguko, na geji husoma jinsi hewa ile inavyokwama. Njia ikifunguka hewa hukwama kidogo na sindano hushuka, huku gari likikimbia zaidi.

Kwa vipimo, mafundi wa ekzosi hukadiria kwamba paipu ya inchi 2.5 yatosha nguvu za farasi 230 hivi, na ya inchi 3 farasi 340 hivi. SLK 230 ya mwanzo ina farasi 190 na ushei, kwa hiyo inchi 2.5 ni kiasi chake. Ila usihesabu farasi wanaofika magurudumuni peke yao. Supachaja nayo hula farasi wake kupitia ukanda, na petroli ya kuwalisha hao pia imeungua na kutoa moshi. Ukibadilisha puli ya supachaja ili izunguke kasi zaidi, hesabu upya. Ukinzani hupungua kwa haraka ajabu kadiri paipu inavyopanuka: kutoka inchi 2 hadi 2.5, kwa moshi uleule, hushuka hadi karibu theluthi. Hatua inayofuata huleta faida pia, ila kilichobaki cha kupunguza si kingi. Na wanaopenda ncha mbili wajue kwamba paipu mbili za inchi 2 hazifikii upana wa moja ya inchi 3.

Kona nazo zaweza kuharibu hesabu yote. Paipu ya inchi 2.5 iliyokunjwa kwa mashine ya kubinya ikaingia bapa kwenye kona, pale hufanya kazi kama ya inchi 2, hata risiti iseme vingine. Fundi anayeijaza mchanga, akaziba ncha, akaipasha moto ndipo akaikunja, amekuokolea zaidi ya anayekuuzia paipu kubwa.

Sababu za kuepuka bomba kubwa zipo, tena za kweli. Huvuma ndani ya gari mpaka kichwa kikuume, hugonga kila tuta, na bei hupanda. Anayetaka kumzuia mwenzake amtajie hizo. Na kama shaka yake ni nguvu kwenye mizunguko midogo, aseme moshi utapungua mwendo, kisha aulize kwanza hewa ya gari hilo inavutwa au inasukumwa.